Lengo Kwanza, Mashine Baadaye: Nafasi ya Mwananchi katika Kueleza Mahitaji ya Mifumo ya Kompyuta

Mada ya elimu kwa umma kwa ajili ya mikutano ya wananchi ya vijiji na mitaa



Huduma nyingi ambazo zamani mwananchi alizifuata dirishani akiwa na karatasi mkononi, leo hupitia katika mfumo wa kompyuta. Ushuru hukusanywa kwa mashine ya POS. Umeme wa LUKU hununuliwa kwa simu. Kumbukumbu za mgonjwa katika vituo vingi vya afya huhifadhiwa katika mfumo wa GoTHOMIS, na leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Kabla mfumo wowote wa aina hiyo haujajengwa, hutangulia swali moja: unatakiwa ufanye nini? Majibu ya swali hilo ndiyo wataalamu wanayoyaita mahitaji ya mfumo. Majibu hayo yakikosewa, mfumo unaweza kujengwa kwa ustadi, ukalipiwa, ukazinduliwa kwa shangwe, na bado huduma isimfikie aliyekusudiwa.

Mada hii inahusu njia moja ya kukusanya mahitaji hayo, nayo ni kuanza na malengo. Hoja yake ni hii: mwananchi anapoulizwa anataka nini katika mfumo mpya, si wajibu wake kutaja vitufe, rangi za kioo au aina ya simu. Wajibu wake, ambao hakuna mtaalamu awezaye kuutimiza kwa niaba yake, ni kueleza lengo. Yaani, ni hali gani ya maisha inayopaswa kuwa tofauti mfumo utakapoanza kazi, na ni mambo gani huizuia hali hiyo isifikiwe.

Tofauti ya lengo na chombo

Katika mikutano mingi, mahitaji hutolewa kwa sura ya chombo. Mtu mmoja husema panahitajika programu ya simu ya kutolea taarifa za maji. Mwingine husema iwekwe namba ya kupiga bure. Wa tatu husema litundikwe sanduku la maoni katika ofisi ya kijiji. Wote wana nia njema, na wote wametaja chombo. Mwandishi wa mahitaji akiyachukua maneno hayo kama yalivyo, mkutano utaishia kupiga kura kati ya programu, namba na sanduku, bila yeyote kutamka kinachotafutwa.

Njia ya malengo huanza na swali la kwa nini. Kwa nini inahitajika programu ya simu? Kwa sababu taarifa ya kilula kilichoharibika huchelewa kumfikia fundi. Kwa nini ucheleweshaji huo ni tatizo? Kwa sababu kilula hukaa siku nyingi bila kutoa maji. Kwa nini jambo hilo lina uzito? Kwa sababu kaya hurudi kuchota mtoni au katika madimbwi, na watoto huchelewa shule wakiwa na ndoo kichwani. Hapo lengo limejitokeza: kilula kilichoharibika kirudi kutoa maji kabla kaya hazijalazimika kurudi kwenye maji yasiyo salama.

Lengo likishatamkwa, chombo kilichopendekezwa hupimika. Huenda ikaonekana kwamba taarifa hufika mapema, bali vipuri ndivyo visivyokuwepo stoo. Katika hali hiyo, programu ya simu itafanya kazi moja tu: itapeleka kwa haraka zaidi taarifa za vilula ambavyo havitatengenezwa. Mwananchi atapokea ujumbe kwamba taarifa yake imepokelewa, mfumo utahesabiwa kuwa umefanya kazi yake, na ndoo itaendelea kuwa tupu.

Baada ya swali la kwa nini, ambalo hupandisha fikra kuelekea lengo kubwa, hufuata swali la vipi, ambalo huligawa lengo kubwa kuwa malengo madogo. Kisha huulizwa nani, ili kila lengo dogo lipate mwenyewe. Mwenyewe huyo anaweza kuwa programu ya kompyuta, mtumishi, fundi, au mwananchi mwenyewe. Mwisho huulizwa ni nini kinachoweza kulizuia kila lengo. Michoro ya wataalamu ina alama nyingi, lakini imejengwa juu ya maswali hayo manne.

Njia hii ilivyoanza

Kwa miaka mingi wajenzi wa programu walizoea kuorodhesha kazi za mashine: ipokee hiki, ihifadhi kile, ichapishe hiki. Sababu za kuwepo kwa kazi hizo zilibaki vichwani mwa watu wachache. Mwaka 1993 Anne Dardenne, Axel van Lamsweerde na Stephen Fickas walichapisha andiko lililopendekeza kwamba ukusanyaji wa mahitaji uongozwe na malengo. Njia iliyotokana na kazi hiyo inajulikana kwa jina la KAOS, na iliendelezwa hasa katika Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji.

Nchini Kanada, katika Chuo Kikuu cha Toronto, John Mylopoulos na wenzake walishughulikia malengo yasiyopimika kwa urahisi, kama vile usalama, wepesi na uaminifu. Mwaka 1995 Eric Yu wa chuo hichohicho aliwasilisha njia inayouliza ni nani anamtegemea nani ili lengo lake litimie. Kazi hizo zote zinakubaliana katika jambo moja: kompyuta ni mshiriki mmoja miongoni mwa wengi, na lengo la huduma hutimizwa na washiriki wote kwa pamoja.

Funzo la London, mwaka 1992

Umuhimu wa jambo hilo unaonekana wazi katika tukio lililotokea Uingereza, ambalo hufundishwa hadi leo katika vyuo vya kompyuta. Idara ya magari ya wagonjwa ya London ilihudumia eneo la zaidi ya maili za mraba 600 lenye wakazi wapatao milioni 6.8. Kila siku ilibeba wagonjwa zaidi ya 5,000 na kupokea simu kati ya 2,000 na 2,500. Miongoni mwa simu hizo, kati ya 1,300 na 1,600 zilikuwa za dharura kupitia namba 999.

Kabla ya kompyuta, mpokea simu aliandika taarifa za mgonjwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikasafirishwa kwa mkanda hadi mezani kwa watumishi wa kupanga magari. Watumishi hao waligawanywa katika kanda tatu za jiji. Walijua mitaa ya kanda zao, walijua gari lipi liko wapi, na waliweza kutambua kwamba simu mbili zinahusu ajali moja. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole, na kulikuwa na sababu ya haki ya kuubadilisha. Viwango vilivyowekwa vilitaka gari liagizwe ndani ya dakika 3 na lifike kwa mgonjwa ndani ya dakika 14.

Mfumo mpya ulikusudiwa kufanya karibu kazi yote. Kompyuta ingepokea taarifa, ingetambua mahali, ingechagua gari lililo karibu na ambalo halina kazi, kisha ingepeleka agizo kwenye kioo kilichofungwa ndani ya gari. Wafanyakazi wa gari wangebonyeza vitufe kueleza kwamba wameondoka, wamefika, wamempakia mgonjwa, au wako tayari kwa kazi nyingine. Asubuhi ya tarehe 26 Oktoba 1992 mfumo huo ulianza kutumika kwa jiji zima kwa mara moja, na kanda tatu zikaunganishwa kuwa moja.

Haukuchukua muda kuanza kuyumba. Katika baadhi ya maeneo mawasiliano ya redio hayakupita vizuri. Wafanyakazi waliokuwa katika pilikapilika za kumwokoa mgonjwa hawakubonyeza vitufe kwa mpangilio uliotarajiwa, au walibonyeza visivyo. Wengine waliondoka na gari tofauti na lile lililoandikwa. Hivyo picha iliyokuwa ndani ya kompyuta ikaachana na hali halisi ya barabarani. Mfumo ukaagiza magari mawili kwenda mahali pamoja, au ukaagiza gari la mbali ilhali la karibu lilikuwepo. Taarifa za tahadhari zikaongezeka katika vioo vya waendeshaji hadi zile za juu zikapotea machoni. Wananchi waliokuwa wakisubiri wakapiga simu upya, na simu hizo zikazidisha mzigo. Alasiri ya tarehe 27 Oktoba idara ililazimika kurudi kwenye utaratibu uliochanganya kompyuta na kazi ya mikono.

Tarehe 4 Novemba, muda mfupi baada ya saa nane usiku, mfumo ulisimama kabisa. Chanzo cha safari hii kilikuwa kosa la programu: kipande kilichosahaulika ndani yake kilikula kumbukumbu ya mashine kidogokidogo hadi ikajaa. Lakini kuhusu tarehe 26 na 27 Oktoba, ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Februari 1993 ilieleza jambo la kushangaza zaidi. Ilisema kwamba katika siku hizo kompyuta haikushindwa kitaalamu. Licha ya kupungua kasi wakati fulani, kwa jumla ilifanya kile ilichosanifiwa kufanya.

Maneno hayo yanafaa kuzingatiwa na kila anayehusika na mfumo wa umma. Mashine ilitimiza mahitaji yake, na lengo likashindikana. Mgonjwa hakuhitaji agizo litokee kwenye kioo. Alihitaji gari lifike mlangoni. Kati ya kioo na mlango kulikuwa na dereva, kitufe, redio, barabara na gari lenyewe, na mfumo ulitegemea kwamba vyote hivyo vitakwenda sawasawa kila wakati.

Kutafuta kikwazo kabla hakijafika

Mwaka 2000 Axel van Lamsweerde na Emmanuel Letier walichapisha uchambuzi uliotumia huduma hiyo ya London kama mfano. Walianza na lengo la juu, yaani gari kufika kwa wakati, wakalishusha hatua kwa hatua. Ili gari lifike, ni lazima gari sahihi lichaguliwe. Ili gari sahihi lichaguliwe, ni lazima kompyuta ijue magari yaliko na yaliyo huru. Ili kompyuta ijue hayo, ni lazima kila badiliko barabarani limfikie mashine upesi na bila kosa. Katika hatua hiyo ya mwisho, mwenye lengo si kompyuta peke yake. Ni mfanyakazi aliyeko ndani ya gari.

Kisha kila lengo hugeuzwa upande wa pili na kuulizwa: ni nini kitakachofanya jambo hili lisitokee? Mfanyakazi anaweza kusahau kitufe. Anaweza kubonyeza kingine. Anaweza kuchukua gari jingine. Redio inaweza kukatika. Kila kikwazo kikishatajwa, hutafutwa dawa yake: kumkumbusha mfanyakazi, kumwezesha mwendeshaji kusahihisha taarifa, kuipa kompyuta njia ya kutambua kwamba habari ilizonazo zimepitwa na wakati, au kuacha uamuzi fulani mikononi mwa binadamu. Dawa nyingi kati ya hizo ni nafuu zinapoandikwa kwenye karatasi kabla ya ujenzi, na ni ghali mno zinapotafutwa baada ya uzinduzi.

Vikwazo hivyo havikuwa siri, kwa kuwa wafanyakazi wa magari waliishi navyo kila siku. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ripoti ya uchunguzi ilionyesha kwamba watumiaji hawakushirikishwa kiasi cha kutosha wala kuujengea mfumo imani. Baadaye idara hiyohiyo ilichukua mwendo tofauti. Ilijenga mfumo mwingine kwa hatua, ikiwashirikisha watumishi wake, na mfumo huo ukaanza kazi mwaka 1996. Mwaka uliofuata ulipata tuzo ya Chama cha Kompyuta cha Uingereza. Jiji lilikuwa lilelile na dakika 14 zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni namna mahitaji yalivyokusanywa na hatua zilivyopangwa.

Mfano wa kilula katika kata

Njia hiyo haihitaji jiji kubwa. Ichukuliwe kata yoyote yenye vilula vya maji, na lengo lililotajwa hapo juu lipewe kipimo ili liweze kuhakikiwa. Kwa ajili ya mfano, mkutano unaweza kukubaliana kwamba kilula kilichoharibika kirudi kutoa maji ndani ya siku 2.

Swali la vipi huligawa lengo hilo katika malengo madogo matano. La kwanza, hitilafu ijulikane siku ileile. La pili, kazi apewe fundi mwenye uwezo nayo. La tatu, kipuri kinachohitajika kipatikane. La nne, fedha ya kipuri na ya fundi iwepo. La tano, ithibitishwe kwamba maji yametoka.

Swali la nani linapoulizwa, jambo moja hudhihirika mara moja. Lengo la kwanza na la pili yanaweza kusaidiwa sana na programu ya kompyuta. La tatu linamhusu mtunza stoo. La nne linahusu jumuiya ya watumiaji maji na uchangiaji wa kaya. La tano linamhusu jirani wa kilula. Kwa hiyo, hata programu bora kuliko zote ina mkono katika sehemu tu ya kazi. Mkutano ukilitambua hilo mapema, utadai stoo ya vipuri sambamba na programu, wala hautalaumu kompyuta kwa upungufu wa koki.

Baada ya hapo huja vikwazo, na hapa ndipo wananchi wanapokuwa walimu wa wataalamu. Katika kitongoji fulani mtandao wa simu hupatikana tu juu ya kilima. Kaya nyingi hutumia simu ya kitochi isiyo na intaneti. Kwa hiyo taarifa itolewe kwa ujumbe mfupi au kwa kubonyeza nyota na reli. Mtoa taarifa huandika “bomba la kwa mzee”, na fundi mgeni hajui ni lipi. Kwa hiyo kila kilula kipakwe namba kwa rangi isiyofutika. Watu kumi hutoa taarifa moja, na mfumo huona hitilafu kumi. Kwa hiyo taarifa za kilula kimoja ziunganishwe. Fundi anaweza kuandika kwamba kazi imekamilika kabla hajafika. Kwa hiyo kazi isifungwe mpaka mtumiaji wa kilula athibitishe.

Kila moja ya sentensi hizo ni hitaji la mfumo linaloweza kuandikwa, kujengwa na kukaguliwa. Hakuna hata moja iliyohitaji mtu aliyesomea kompyuta. Zote zilihitaji mtu anayechota maji.

Hali ni hiyohiyo kwa mashine ya POS. Lengo lake la juu si kuchapa risiti. Lengo ni kwamba kila shilingi aliyolipa mfanyabiashara ifike katika akaunti ya Halmashauri na irudi kama dawati, dawa au barabara. Mashine inaweza kuchapa risiti, lakini haiwezi kuchapa risiti ya malipo ambayo haikuambiwa. Mfumo huo unategemea kwamba mlipaji atadai risiti na kukisoma kiasi kilichoandikwa. Kwa lugha ya njia hii, mwananchi anayedai risiti ni mmoja wa wenye lengo, na anapoacha kudai amegeuka kuwa kikwazo.

Malengo yanapogongana

Si kila lengo jema hukaa vizuri na lengo jingine jema. Wananchi hutaka mambo yawe wazi: kila mtu aone ni taarifa zipi zimetolewa na zimeshughulikiwaje. Wananchi haohao hutaka mtoa taarifa alindwe, hasa anapoeleza kwamba kilula kimefungwa na mtu mwenye sauti kijijini. Malengo hayo mawili yakiachwa bila kusemwa, programu itaamua yenyewe kwa namna ilivyojengwa, na huenda namba za simu za watoa taarifa zikabandikwa hadharani. Yakisemwa, suluhu ni rahisi: taarifa ionekane, jina na namba visionekane. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inaweka wajibu katika jambo hilo, hivyo si hiari ya mjenzi wa mfumo.

Kuna pia malengo ambayo wataalamu huyaita malengo laini. Mtu husema mfumo uwe rahisi, uwe wa haraka, uwe wa kuaminika. Hakuna anayepinga, na hakuna anayeweza kupima. Lengo la namna hiyo linahitaji kushushwa mpaka lishikike. “Rahisi” linaweza kuwa: mzee mwenye simu ya kitochi aweze kutoa taarifa kwa Kiswahili bila kusaidiwa na mjukuu. “Haraka” linaweza kuwa: taarifa imfikie msimamizi ndani ya saa 1. Sentensi za aina hiyo humpa mwananchi haki ya kurudi siku ya majaribio na kusema kwamba jambo hili halikutimizwa. Neno “rahisi” peke yake halimpi haki hiyo, kwa kuwa kila mtu ataapa kwamba limetimizwa.

Utaratibu ambao vijiji vinaufahamu

Wananchi wa Tanzania si wageni wa fikra hii. Utaratibu wa upangaji mipango shirikishi wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaojulikana kwa kifupi kama O&OD, huwataka wanakijiji waeleze wanakotaka kufika, wataje fursa walizonazo, waorodheshe vikwazo, kisha wapange vipaumbele. Aliyeshiriki katika kazi hiyo chini ya mti wa mkutano amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kile ambacho vyuo vikuu vya Louvain na Toronto vilikiandikia vitabu. Kilichobaki ni kuutumia ujuzi huo pale mfumo wa kompyuta unapoletwa mezani, badala ya kudhani kwamba kompyuta ni mambo ya wataalamu peke yao.

Msingi wa kufanya hivyo upo. Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaeleza kwamba madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mfumo wa kompyuta huamua nani ahudumiwe kwanza, taarifa ya nani ionekane, na kazi ihesabiwe imekwisha lini. Hayo ni maamuzi ya utawala, ingawa yamefichwa ndani ya programu. Mwananchi asiposhiriki kuyatamka malengo, maamuzi hayo hufanywa na mtu asiyemfahamu, ambaye hajawahi kupanga foleni kwenye kilula hicho.

Hata hivyo, njia hii isibebeshwe isichokiweza. Kutaja lengo hakuleti fedha, na kutaja kikwazo hakukiondoi. Mkutano unaweza kubaini kwamba lengo la siku 2 haliwezekani kwa bajeti iliyopo, ukalipunguza kuwa siku 4. Huo nao ni uamuzi wa maana, kwa sababu umefanywa hadharani na wahusika wakijua wanachokikubali.

Maswali ya kwenda nayo mkutanoni

Mkutano mkuu wa kijiji unapojadili mfumo mpya, au maboresho ya mfumo uliopo, mjumbe yeyote anaweza kusimama na kuuliza yafuatayo, nayo yaandikwe katika muhtasari pamoja na majibu yake.

1. Mfumo huu ukifanya kazi vizuri kabisa, ni hali gani katika maisha ya mkazi itakuwa tofauti, na itapimwa kwa kipimo gani?

2. Ni mambo gani yote yanayopaswa kutokea ili hali hiyo ifikiwe, na ni yapi kati ya hayo hayatafanywa na kompyuta?

3. Kila jambo ni la nani, na je, mtu huyo anajua kwamba linamtegemea?

4. Ni nini kinachoweza kuzuia kila jambo, siku ya mvua, siku isiyo na umeme, siku isiyo na mtandao, na siku ambayo mtu amesahau au hakutaka?

5. Lengo hili linagongana na lengo la nani, na mgongano huo umeamuliwaje?

6. Nani atakagua, baada ya mfumo kuanza, kwamba lengo limefikiwa, si kwamba mashine inawaka tu?

Maswali hayo hayahitaji Kiingereza wala cheti. Mtaalamu mzuri huyafurahia, kwa kuwa majibu yake humpunguzia kazi ya kubomoa na kujenga upya. Mtaalamu anayeyakwepa ametoa taarifa muhimu kuhusu mfumo anaouleta. Na muhtasari wenye majibu ya maswali hayo ukihifadhiwa katika ofisi ya kijiji, siku kilula kitakapokauka na mfumo ukaonyesha kwamba kila kitu ni salama, wananchi watakuwa na karatasi inayosema walichokubaliana, na nani aliahidi kufanya nini.